Hisa za Mkono Mmoja

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla hakujakucha, polepole kwanza, kisha kwa haraka, kama meno ya mtu mwenye baridi. Bibi Mapovu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko, kiwiko juu ya goti, akikisikiliza. Aliipenda saa hiyo. Hakuna mtu aliyekuwa akimtaka chochote.

"Umeamka, au umekaa usingizini?" sauti iliuliza kutoka kitandani, ng'ambo ya chumba.

"Na wewe umeizima hiyo redio, au bado umeilalia?"

Kisha kitu kikabofywa chini ya blanketi.

"Redio gani, dada?"

"Hiyo inayotangaza bei tumboni mwako."

Blanketi likatikisika kwa kicheko, na uso wa Mkono Mmoja ukachomoza. "Haya, umenikamata. Imeshuka tena. Mwezi uliopita ilikuwa mia na ishirini. Jana soko limefunga kwa thelathini na nane. Mtangazaji mwenyewe alikuwa anameza mate."

"Watu wameacha kuchafuka?"

"Hawajaacha."

"Basi lala."

Utani huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Walikuwa wameutumia kila mara bei iliposhuka, na ilikuwa imeshuka mara nyingi, ingawa si kwa kishindo cha safari hii. Safari hii watu walikuwa wakipigana barabarani.

Hisa zenyewe zilikuwa za kiwanda cha sabuni. Walikichagua kiwanda hicho kwa sababu walikijua, si kwa kusoma magazeti, bali kwa mikono. Walikuwa madobi wa hospitali kubwa, wanawake watatu wa zamu moja, na sabuni ya kiwanda hicho ndiyo iliyowatoa jasho na ngozi. Jina la Bibi Mapovu lilitoka huko huko. Mkono Mmoja alijipa jina lake mwenyewe alipoona watu wanang'ata ulimi kila wanapomtazama. "Niiteni hivyo hivyo," alisema, "mnanichosha na huruma."

Katika chumba cha kufulia kulikuwa na mashine za chuma zenye mlango wa mviringo, kila moja ikitosha kumeza kitanda. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu: mashine ikizunguka, mlango haufunguliwi. Siku moja, miaka ishirini na sita iliyopita, chumba cha upasuaji kiliishiwa mashuka. Palikuwa na ajali barabarani, majeruhi walikuwa wamelazwa hadi sakafuni, na muuguzi mkuu alisimama mlangoni akipiga kelele kwamba watu watakufa kwa uzembe wa madobi. Bibi Mapovu ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu. Akaingiwa na hofu kama kila mtu. Akamgeukia msichana aliyekuwa karibu na mashine, mgeni kazini, mwenye miaka kumi na tisa tu, akamwambia, "Fungua, fungua, imeshapungua mwendo!"

Msichana akafungua. Shuka lililolowa likamzonga mkono na pipa la ndani la mashine likamvuta. Wale waliokuwapo walisema mlio haukutoka kinywani mwake, ulitoka begani. Damu ilifika darini. Mashine iliposimama waliukuta mkono katikati ya mashuka, umefuliwa ukawa mweupe pe.

Hospitali ilimlipa msichana mshahara wa miezi mitatu na barua ya pole. Yeye hakumlaumu msimamizi wake hata kwa jicho. Alipotoka wodini, wenzake wawili, Bibi Mapovu na mwanamke aliyekuwa mpiga pasi, walikwishakata shauri. Kila mwisho wa mwezi wangenunua hisa chache za sabuni kwa ajili ya mkono huo. Hawangeuza bei ikipanda wala ikishuka, wangemwachia yeye gawio, lile fungu la faida ambalo kiwanda huwagawia wenye hisa mara mbili kwa mwaka. Waliziandika zote kwa jina la Bibi Mapovu, kwa kuwa dalali wa enzi hizo alitoza ada kwa kila jina, na wao walikuwa wakibana matumizi. Hilo ndilo lililokuwa kosa lao. Mpiga pasi alifariki, na karatasi zikabaki zikionyesha mtu mmoja tu mwenye mali.

Gawio lililipa kodi ya vyumba viwili walimoishi sasa, dawa ya bega lililouma kila baridi, na mama mmoja wa jirani aliyekuja kuwafulia nguo. Hilo la mwisho liliwachekesha sana. "Madobi wenye dobi," alisema Mkono Mmoja. "Tumeukata."

Birika lilikuwa limechemka sawasawa wakati mlango ulipopigwa teke.

Teke la pili liling'oa komeo. Aliyeingia alikuwa mwanawe Bibi Mapovu, mtoto wake wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva hata baada ya kuuza lori lake. Shati lilikuwa limechanika toka kola hadi kiuno. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka na damu imekauka kidevuni.

"Vaa, mama. Tunakwenda kwa dalali."

"Nani kakupiga?"

"Vaa!"

"Keti kwanza unywe chai. Mdomo huo unahitaji maji ya chumvi."

"Mama, sina muda wa chai!" Alikuwa akihema kama aliyekimbia usiku kucha. "Aliyenunua lori langu yuko tayari kunirudishia. Ana huruma, yule mzee. Kanipa hadi saa sita mchana leo. Ikipita saa sita, mtu mwingine analichukua na mimi nimekwisha. Nimepiga hesabu. Hisa zako kwa bei ya jana zinatosha lori. Zinatosha kabisa, hakibaki kitu wala hakipungui. Kesho hazitatosha hata tairi."

Mama yake aliijua habari yote ya lori. Miezi minane nyuma, sabuni ilipokuwa ikipanda kila wiki, Dereva aliuza lori na kununua hisa kwa fedha yote. Alikuja kuwaringia. "Ninyi mmekaa nazo miaka ishirini na sita," alisema, "mimi nitakaa nazo miezi sita." Bei ilipoanza kuanguka alikaa kucha kutwa mbele ya ubao wa dalali, hali wala halali, na siku nne zilizopita, katikati ya kelele na ngumi, aliuza kila kitu. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, na kidogo alichopata kikaishia kwenye madeni.

"Zile si zangu," alisema Bibi Mapovu.

"Zina jina lako!"

"Jina ni langu. Hisa ni za mama yako mdogo."

Dereva alilipiga birika teke. Likaruka kutoka jikoni, likagonga ukuta, maji ya moto yakamwagika mkekani na kutiririka chini ya kitanda. Mkono Mmoja aliinua miguu haraka, akashuka upande wa pili, akaenda kusimama mlangoni mkono wake mmoja umeushika mwimo.

"Hapiti mtu hapa," alisema. "Wewe mtoto nimekulisha uji kwa mkono huu huu, na ulikuwa unatema."

"Pisha, mama mdogo."

"Sipishi."

Alimsukuma. Pengine hakukusudia kutumia nguvu nyingi, lakini mtu wa mkono mmoja hana cha kujishikilia akiyumba. Kichwa kiligonga mwimo na nyusi ikapasuka, damu ikamjaa jichoni. Dereva alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. "Mama mdogo..." alisema, akainama, kisha hakujua la kufanya na mikono yake. Alimkamata mama yake kifundo cha mkono akamvuta nje. Hatua tatu tu kutoka mlangoni akaona mama yake yuko pekupeku. Akarudi ndani mbio, akaleta kandambili zake, akapiga magoti uchafuni akamvika, mguu wa kulia kisha wa kushoto, taratibu, kama mtu anayemvika mtoto mdogo. Halafu akamkamata tena kifundo na kumburuta.

Bibi Mapovu alikumbuka jambo hilo kuliko mengine yote ya siku ile.

Kulikuwa kunapambazuka. Maduka yalikuwa yamefungwa ingawa siyo sikukuu. Kadiri walivyokaribia mtaa wa madalali ndivyo watu walivyozidi, wote wakielekea kule kule, wengine na bahasha, wengine na mawe. Dereva alikuwa akiongea bila kupumua.

"Jana nilikuja na karatasi zako. Niliiga sahihi yako, mama, sikufichi. Wakanicheka. Wamesema wiki hii watoto kumi na tisa wameleta sahihi za wazazi wao, mmoja baba yake alikuwa ameshazikwa. Sasa hawataki tena sahihi. Wamenunua mashine ya kusoma vidole. Mwenyewe lazima aje, aweke kidole gumba, basi. Huna haja hata ya kusema neno. Kidole tu."

"Na hayo majeraha?"

"Mlinzi. Nilikataa kutoka."

Barabara mbele ya ofisi ilikuwa imejaa vioo. Mzee mwenye tai alikuwa akiupiga mlango wa chuma kwa nondo, pigo baada ya pigo, akitaja kiasi alichopoteza kila anapopiga. Jiwe lilirushwa kutoka nyuma likampata mwanamke mmoja kisogoni, akaanguka bila hata kutoa sauti. Watu wawili walirukia mkoba wake. Wa tatu, kijana aliyekuwa naye na jiwe mkononi, alilitupa jiwe hilo, akavua fulana yake akaikunja chini ya kichwa cha yule mwanamke, na kukaa hapo akiwazuia watu wasimkanyage. Walinzi wanne walikuwa wakigawa virungu kwa yeyote aliyesogea. Mifupa ilikuwa ikilia kama kuni kavu.

"Nina mwenye hisa!" Dereva alipiga kelele, akimwinua mama yake kwapani. "Mwenye hisa mwenyewe huyu! Tupisheni!"

Mlinzi mmoja wa makamo, mwenye masharubu, alimwona. Rungu lake lilikuwa limelowa. Alimtazama Dereva kwa chuki, akamtambua wa jana, lakini alipomtazama bibi alilihamishia rungu kwapani akampa mkono. "Inua mguu, bibi. Hapa pana kioo. Na hapa. Vizuri." Akawapitisha mlango mdogo wa pembeni.

Ndani kulikuwa na kaunta ndefu, ubao wa bei uliozimwa, na dalali mmoja tu aliyebaki. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye plasta shavuni. Wenzake walikuwa wamekimbia. Alisimama kumpokea bibi, akamsogezea kiti chake mwenyewe.

"Anauza," alisema Dereva. "Zote. Kwa bei ya kufungulia."

Dalali alimsogezea Bibi Mapovu kidude cheusi chenye kioo kidogo kilichowaka kijani. Dereva aliushika mkono wa mama yake, akakikandamiza kidole gumba juu ya kioo kwa nguvu hadi kucha ikageuka nyeupe. Yeye mama hakushindana naye. Kushindana na mtu aliyemzidi nguvu mara nne hakukuwa na maana.

Mwanga ukawa mwekundu.

"Tena," alisema Dereva.

Mwekundu. Dalali alikifuta kidole kwa pamba na spiriti, kisha akakipaka mafuta kidogo, polepole, akimwomba radhi. Mwekundu. Wakajaribu cha shahada. Wakajaribu vyote kumi. Dalali akauwasha mwanga wa meza, akakigeuza kiganja cha bibi, akainama. Vidole vilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Havikuwa na mstari hata mmoja.

"Bibi, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Dobi, mwanangu. Miaka thelathini na moja. Magadi na dawa ya madoa."

Dereva aliinama pia. Alivitazama vidole hivyo kwa muda mrefu, mdomo wazi. Vilikuwa vimemwogesha, vimemnyoa, vimemshonea suruali za shule, na hakuwahi hata siku moja kuvigeuza avione. Mtu mwingine angeweza kulijua hilo kwa kuambiwa. Yeye alikuwa mtoto wa dobi, na hakulijua.

"Sasa tufanyeje?" sauti yake ilikuwa nyembamba.

Dalali alisema kuna utaratibu. Kidole kisiposoma, mwenye hisa anaulizwa kwa mdomo, mara tatu, na jibu linaandikwa mbele ya shahidi asiye wa ukoo. Akikubali mara tatu, zinauzwa. Akikataa mara tatu, zinafungwa siku tisini, na hakuna karatasi wala mtu atakayeweza kuzigusa. Jibu likichanganyika, atarudi kesho. Akamwita yule mlinzi mwenye masharubu awe shahidi. Kisha akasema kwamba kwa kawaida jamaa hutoka nje.

"Sitoki," alisema Dereva, na mkono wake ukakaa shingoni mwa mama yake, nyuma, chini ya kilemba. Mlinzi alipiga hatua moja. Dereva akakaza vidole. Mlinzi akasimama.

"Bibi," dalali aliuliza, "unauza hisa zako?"

"Siuzi."

Hakukemewa wala hakupigwa. Mwanawe alijiinamisha hadi paji la uso likagusa bega lake, akaanza kulia. "Mama, lori ni mimi. Sina kingine ninachokijua. Nitakulipa. Nitawalipa wote wawili. Unataka nini, nikabebe mizigo ya watu sokoni? Mama, nakuomba. Siku moja tu, kuwa mama yangu mimi."

Maneno hayo yaliuma kuliko vidole vya shingoni. Bibi Mapovu alihisi moyo wake ukilegea. Angeweza kumpa lori. Angeweza kurudi nyumbani na kumwambia mwenzake kwamba wasiwasi ulimzidi, na alijua vizuri jibu ambalo angepata: haidhuru, dada. Mkono Mmoja angesema haidhuru, kama alivyosema wodini, akiwa amefungwa bandeji hadi kifuani.

"Unauza, bibi?"

"Siuzi."

Dereva aliuchukua mkono wake wa kulia akaupigiza kwenye ukingo wa kaunta. Ulipiga mlio mdogo. Maumivu yalichelewa kufika, kisha yakafika yote kwa pamoja, na chumba kikawa cheupe. Alisikia dalali akilia. Alimsikia mlinzi akisema, "Mwachie, nitakuua, nakwambia mwachie," na mwanawe akijibu kwamba akisogea atamvunja mwanamke huyu shingo, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajijui tena.

"Nisimamishe, bibi?" dalali alinong'ona. "Tuache. Niandike kwamba imeshindikana."

"Uliza ya tatu, mwanangu. Tumalize."

Hapo ndipo Mkono Mmoja alipotokea kwenye dirisha la nondo la upande wa barabara. Alikuwa amekuja mbio, kichwa wazi, nusu ya uso wake nyekundu, na nyuma yake watu walikuwa wakisukumana na kutukanana. Alikuwa ameona kila kitu. Alining'inia kwenye nondo kwa mkono wake wote.

"Uza, dada!" alipiga kelele. "Uza! Mpe! Mimi sitaki kitu, umesikia? Uza usije ukafa!"

"Sikia!" Dereva alifoka. "Mwenyewe kasema! Mwenye nazo kasema!"

Nje nondo ya yule mzee wa tai ilikuwa bado ikigonga. Watu walikuwa wakipiga kelele, uza, uza, kila mmoja kwa ajili yake. Bibi Mapovu aliuangalia mkono wake uliokuwa tayari umevimba. Aliwahi kusimama mahali kama hapa. Wakati ule pia walikuwa wakimpigia kelele, na kila aliyepiga kelele alikuwa na sababu ya haki, na yeye, ili kelele zikome, alitamka neno moja. Neno lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Akamtazama dirishani yule aliyelilipia.

"Unauza hisa zako, bibi? Ya tatu na ya mwisho."

"Siuzi. Andika."

Dalali akaandika, akagonga muhuri.

Mlio wa muhuri ndio uliomtoa Dereva akili. Alikinyanyua kidude cheusi akakivunja juu ya meza, akakinyanyua kiti kilichokuwa kando na kukizungusha kuelekea kichwa cha dalali. Hakikufika. Mlinzi alikuwa juu yake. Rungu la kwanza lilimpata mkononi, la pili gotini, na goti likaenda upande usiokwenda goti. Alipoanguka, mlinzi hakuacha. Alikuwa amekesha siku nne akitukanwa na kupigwa mawe, na sasa hasira yote ilikuwa imepata pa kuangukia. Mbavu. Taya. Mbavu tena. Damu na jino vikateleza sakafuni hadi kwenye kandambili ya Bibi Mapovu.

Yeye hakukumbuka baadaye jinsi alivyoinuka. Alijikuta amelala juu ya mwanawe, kifua juu ya kichwa chake, na rungu lililokuwa likishuka likamshukia yeye mgongoni. Pumzi ikamtoka yote.

"Ondoka, bibi!" mlinzi alilia. "Kakuvunja mkono huyu!"

"Najua."

"Alitaka kukunyonga!"

"Najua, mwanangu. Inatosha. Umeshanipigia, inatosha."

Mlinzi alilitazama rungu lake. Kisha akaliweka juu ya kaunta polepole kana kwamba ni la mtu mwingine, akaketi sakafuni kando yao, na akaanza kumfuta bibi damu usoni kwa mkono wa shati lake la kazi. Chini yake Dereva alikuwa akikoroma kwa pua iliyovunjika, na vidole vyake vilikuwa vimeishika nguo ya mama yake kwa nguvu.

Hakimu alimfunga Dereva miezi kumi na minne. Bibi Mapovu alitoa ushahidi bila kupunguza wala kuongeza, na alipoulizwa kama ana ombi alisema goti la mwanawe litazamwe na daktari kabla ya kitu kingine. Lori lilichukuliwa na mtu mwingine saa saba ya siku ile ile. Sabuni iliteremka hadi thelathini na moja juma lililofuata, na mtaa ukamcheka: bibi kavunjwa mkono kwa ajili ya makaratasi. Mwanamke mmoja alimtemea mate dukani. Alijipangusa akaendelea kuchagua vitunguu.

Gawio lilikuja msimu wake ulipofika. Lilikuwa pungufu kwa theluthi moja. Walilipa kodi, wakanunua dawa, na yule mama jirani aliyewafulia akakataa malipo ya mwezi mzima, akasema atachukua watakapopona. Mkono Mmoja alikuwa na kovu lililokata nyusi katikati. Ndiye aliyemlisha mwenzake kwa kijiko wiki sita, kwa sababu kati yao wawili walikuwa na mkono mmoja tu wa kulia ulio mzima.

"Nauli hii hapa," alisema asubuhi moja, akiweka noti juu ya meza. "Nenda ukamwone. Mwezi wa tatu huu."

"Siko tayari."

"Nani kakuuliza kama uko tayari? Mimi mwenyewe ningekwenda, lakini wanaruhusu mtu mmoja, na mimi nikimwona nitamzaba kofi kwanza."

Alikwenda. Gereza lilikuwa na chumba kirefu chenye waya katikati na mabenchi pande zote mbili. Waliomleta Dereva walimshika kwapani, kwa kuwa goti lilikuwa limekakamaa na alitembea kwa kulizungusha. Alikuwa amekonda. Aliketi, akautazama mkono wa mama yake juu ya benchi, vidole viwili vilivyoungana vibaya, akageuza uso.

Pembeni yao mtu alikuwa akicheka na mkewe.

"Unauma?" Dereva aliuliza hatimaye.

"Asubuhi. Na nikiinua birika."

"Mama mdogo?"

"Kasema ukitoka atakuzaba kofi."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyepokea salamu. Kisha akasema, akitazama sakafu, "Ungeniuzia siku ile, ningekuwa barabarani sasa hivi."

"Ungekuwa."

"Na goti ningekuwa nalo."

"Ndiyo, mwanangu." Hakutaka kumdanganya. "Na mama yako mdogo angekuwa hana pa kulala. Nililijua hilo, na lako pia nililijua, na nilichagua. Sikuja kukuomba radhi kwa hilo. Wala sikuja kukudai."

"Umekuja kufanya nini basi?"

Alifikiri. "Kukuona unavyotembea."

Dereva akaufunika uso kwa mikono yake yote miwili. Mama yake alipitisha kidole kimoja, kile cha shahada, kwenye tundu la waya, kikamfikia kwenye kiwiko, kikabaki hapo. Askari aliyekuwa zamu aliona, na hairuhusiwi, lakini alijigeuza akatazama dirishani mpaka kengele ilipolia.

Watu wakaanza kuinuka. Dereva alisimama kwa shida, akishika waya. Alikuwa ameshageuzwa kuelekea mlango wa ndani aliposimama ghafla, askari naye ikabidi asimame.

"Mama," aliita. "Wiki ijayo pia siku hii hii wanaruhusu wageni. Hata kama hujanisamehe. Njoo tu."